Kitabu Alichokisoma Fisi

Kabla watu hawajajua kushika kalamu, wanyama wa Bonde la Vumbwe walikuwa wameshaandika vitabu, wakavisoma, wakagombana juu yake, wakapatana na kuanza vingine. Lakini mwaka huu tunaousimulia, mvua ilitoweka kama mgeni aliyeonyeshwa jembe. Mto ukawa njia, njia ikawa vumbi, likabaki bwawa moja tu. Na pembeni mwa bwawa hilo, wanyama wakaanza kuumana.

Kwa hali kama hiyo wazee wao walikuwa na dawa. Walikuwa wamegundua zamani kwamba kinywa kinachocheka hakiwezi kuuma. Basi kila ukame ulipozidi, wanyama walikusanyika bwawani asubuhi, na waandishi wakasoma vitabu vyao vya dhihaka, vitabu virefu vyenye wapumbavu wa kila aina. Yule ambaye kitabu chake kiliwavunja watu mbavu kuliko vyote alipewa zawadi: kunywa wa kwanza, yeye na nyumba yake, mpaka mvua irudi.

Zawadi hiyo haikupatikana kwa ulimi mtamu tu. Kitabu cha dhihaka hakikumtaja mnyama yeyote kwa jina, lakini aliyehisi kwamba ndiye aliyechorwa humo alikuwa na haki ya kusimama na kuuliza, "Ni mimi huyo?" Mwandishi alipaswa kumtazama usoni na kumjibu kweli. Akisema, "Ndiye wewe," basi mwulizaji hucheka pamoja na wenzake, kisha hukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Na ndiyo sababu waandishi wa dhihaka walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa hodari wa mbio.

Nungunungu hakuwa na mbio. Alikuwa mama mkimya, mwenye kuona haya mbele za watu, na mambo yake yote aliyataka yanyooke. Aliandika kwa miiba yake mwenyewe. Aling'oa mmoja mgongoni, akasema "Aii!", akauchovya katika wino wa masizi na utomvu wa mgunga, akaandika juu ya gome la mti mpaka ncha ikaisha, kisha akang'oa mwingine. Kwa hiyo hakuwahi kuandika neno la ziada. Wanaolalamika kwamba vitabu vya siku hizi ni virefu mno wangefurahi sana kama waandishi wote wangekuwa nungunungu.

Mwaka huo aliandika kwa ajili ya mama yake. Bibi huyo alikuwa mkongwe, na kila walipofika bwawani baada ya tembo na nyati walikuta tope. Bibi hakuweza kumeza tope. Ulimi wake ulikuwa umeanza kukwama kinywani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "kama unaandika, andika upesi. Na mimi uniweke humo. Nisije nikafa sijachekwa."

Nungunungu akaandika upesi. Kitabu kilipokwisha, mgongo wake ulikuwa na upara mkubwa kama sahani.

Asubuhi ya usomaji, Fisi alipiga hodi.

"Hodi, Bi Nungu! Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bwana Fisi. Ila nyumba haina kitu cha kula."

"Nani kataja kula? Ama kweli jina baya halifutiki! Nimekuja kukusaidia. Wewe una mama wa kumshikilia, na njia ni ndefu. Nipe mzigo huo nitangulie nao. Utaukuta kivulini unakusubiri."

Nungunungu alimtazama mama yake, ambaye hata kusimama alisimama kwa kuegemea ukuta. Mikono yake miwili isingetosha kwa kitabu na mama. Akayafunga magome kwa kamba ya ukindu, mafundo matatu, akampa.

"Usikifungue."

"Mimi na vitabu wapi na wapi!"

"Na usikitafune."

"Bi Nungu! Sasa unanivunjia heshima."

Walipofika bwawani, mama na mwana, usomaji ulikuwa umeshapamba moto. Twiga alikuwa amesoma kichekesho cha juu mno, kikapita vichwani mwa wote. Kobe alikuwa amesoma kitabu ambacho kichekesho chake cha kwanza kilikuwa gome la mia mbili. Wasikilizaji walilala, na mpaka sasa walikuwa hawajaamka wote. Kasuku naye alisoma kwa madaha, lakini kila sentensi yake ilikuwa na mwenyewe mle mle mkutanoni, na kila mwenyewe aliitambua.

"Na sasa," alitangaza Sungura, aliyekuwa mshereheshaji, "anakuja mwandishi mpya kabisa. Mpya hivi kwamba jana hakuwa mwandishi. Bwana Fisi na kitabu chake!"

Fisi akapanda juu ya jiwe. Alikuwa amejipaka masizi vidoleni ili afanane na waandishi. Mkononi alishika magome ya Nungunungu.

Nungunungu akafungua kinywa apige kelele. Akaona haya mbele za watu wote wale, akakifunga. Sungura, ambaye hakuna lililompita, alishuka upesi akamsogelea.

"Bi Nungu, mbona umekuwa kijivu? Lile si gome lako?"

"Ni langu," alinong'ona. "Yule hajaandika hata barua."

"Basi nyamaza. Ukimkatiza sasa ni neno lako na neno lake, na yeye ndiye mwenye meno. Mwache asome. Yule amekiiba kitabu, lakini hajakisoma."

Fisi akaanza. Na hapo Nungunungu alipata mateso yasiyojulikana ila na waandishi. Fisi alikuwa anacheka kabla ya kufika kwenye kichekesho. Alisoma nusu ya sentensi, akakiona kinachokuja mbele, akaangua kicheko, "Hi-hi-hiii!", akagaagaa juu ya jiwe, akapoteza mahali alipofika, akarudia. Palipokuwa na kituo alipita mbio kama anafukuzwa. Nungunungu alikuwa ametumia mwiba mzima kwa kituo kimoja tu, ili watu wavute pumzi kabla ya neno la mwisho. Fisi alikimeza kituo hicho bila kukitafuna.

Hata hivyo kitabu kilikuwa kitabu. Wanyama wakaanza kutabasamu, kisha kuguna, kisha kushikana mabega.

"'Bwana Tumbo,'" alisoma Fisi, "'hakukosa msiba hata mmoja. Alilia kuliko wafiwa, lakini alilia huku kinywa kimejaa. Hi-hi! Siku moja alimkumbatia mjane, akamwambia: Pole sana, dada yangu, marehemu alikuwa mtu wetu. Je, alikuwa mnene? Hi-hi-hiii!'"

Bonde zima likamtazama Fisi. Fisi akalitazama bonde, akafurahi kuona anavyopendwa. Nyani alianguka kutoka tawini. Pundamilia alicheka mpaka akaomba asiguswe.

"Ndugu mwandishi," aliuliza Sungura kwa adabu, "huyu Bwana Tumbo umemchora nani? Tusaidie sisi wajinga."

Fisi hakuwa amelifikiria hilo. Akazungusha macho akamwona Ngiri.

"Ngiri! Nani tena mwenye tumbo?"

Ngiri akasimama polepole. "Ni mimi huyo?"

"Ndiye wewe!"

"Mimi nakula mizizi, Bwana Fisi. Msibani nilikwenda mara moja, wa shangazi, na wala sikuonja kitu. Tena hebu rudia kusoma hapo juu. Si imeandikwa Bwana Tumbo ana madoa, na miguu ya nyuma mifupi?"

Fisi akalisogeza gome karibu na macho. "Imeandikwa."

"Sasa madoa yangu yako wapi?"

"Utayapata tu!" alijibu Fisi, na kicheko kilichofuata kililitikisa bwawa mpaka vyura wakatoka kuuliza kuna nini. Hakuna aliyetaka usomaji usimamishwe. Nungunungu mwenyewe alicheka, akiwa ameuma mkono ili asisikike. Fisi aliinama mara tatu kuwashukuru, akalishika gome lililofuata, akasoma kwa sauti kubwa kuliko zote.

"'Mfalme Mashungi alikuwa na wachanaji watatu wa nywele na mshauri hakuna. Siku moja aliliamuru jua lichwe asubuhi. Jua likachwa jioni, kama kawaida yake. Mfalme akalitazama linavyozama, akasema: Umechelewa, lakini kwa leo nimekusamehe.'"

Kicheko kiliinuka, kikaona Simba amesimama, kikakaa.

Simba alitikisa manyoya ya shingo. Nyuma yake nyani watatu waliokuwa wanayachana waliweka vitana chini, wakajifanya wamepita njia tu.

"Mwandishi," alisema Simba. "Ni mimi huyo?"

Fisi akajifunika uso kwa gome.

"Wewe? Hasha, Mfalme! Huyu ni... ni simba wa bonde la pili."

"Kumbe kuna simba mwingine," alisema Simba, "mkubwa hata kunipita mimi, mpaka yeye anaandikiwa kitabu na mimi siandikiwi?"

"Hakuna! Hakuna mwingine, Mfalme! Basi ni wewe."

"Kwa hiyo unanicheka mimi."

"Sikucheki!"

"Basi ni wa bonde la pili."

"Siye!" Fisi aliketi, akasimama, akaketi tena. "Jamani, sikuandika mimi! Hiki ni cha Nungunungu! Nilimbebea tu, nikasema niyaonje maji ya kwanza. Mimi sijui hata gome linashikwa upande gani!"

Magome yalianguka miguuni pa Simba.

"Nungunungu yuko wapi?" aliuliza Simba.

Nungunungu alihisi kila mwiba uliobaki mwilini mwake unasimama. Jibu la usalama lilikuwepo, tena fupi: Fisi ni mwongo, kila mtu anajua, mimi sikijui kitabu hicho. Angesema hivyo angerudi nyumbani mzima. Angerudi na mama yake na kiu yake, kungoja tope la kesho. Aliusikia mkono wa mama yake juu ya bega lake, mkavu na mwepesi kama jani. Akapita katikati ya miguu ya nyati, akafika mbele, akainua uso. Ilikuwa mbali sana mpaka juu.

"Uliza, Mfalme."

"Ni mimi huyo?"

"Ndiye wewe."

Pundamilia alifumba macho. Nungunungu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka mambo yanyooke, aliona jibu hilo halijakamilika, akaongeza:

"Nimekuandika kwa miiba kumi na saba."

Simba alikuwa ameshafungua kinywa angurume. Akakiacha wazi.

"Kumi na saba?"

"Kumi na saba, Mfalme. Niliihesabu."

"Na Fisi umemwandika kwa mingapi?"

"Minne."

"Na Tembo?"

"Mmoja. Tena ulikuwa butu."

"Mmoja!" alilia Tembo kutoka nyuma. "Mwili wote huu?"

Simba alimgeukia Tembo, kisha nyani watatu, kisha bonde zima. "Mmesikia? Kumi na saba. Hakuna aliyechekwa kama mimi katika bonde hili!" Na akacheka, kwanza kidogo, kama anayejaribu kiatu, halafu kwa kinywa chote mpaka wale wa mbele wakahesabu meno yake. Bonde likacheka naye. Nyati walicheka, vyura walicheka. Wasikilizaji wa Kobe waliamka kwa kishindo hicho, wakacheka pia, ingawa wao walidhani kwamba kichekesho cha Kobe ndicho kimefika.

"Sasa soma wewe," Simba alimwamuru Nungunungu. "Tangu mwanzo. Na vituo vyako vyote."

Nungunungu akasoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo wote walisogea, tembo akiwa bega kwa bega na paa, wala hakuna aliyemuuma mwenzake. Aliposoma juu ya bibi mmoja aliyewaamsha wajukuu usiku kuwauliza kama wamelala, sauti ya kukwaruza ilipanda kutoka nyuma.

"We mwana! Ni mimi huyo?"

"Ndiye wewe, mama."

"Ee, asante!" alisema bibi, akacheka mpaka wakamshika asianguke.

Fisi alikuwa ananyata kuelekea vichakani. Sungura alimwona.

"Wapi, Ndugu Fisi? Ukurasa wa Bwana Tumbo bado haujapata mtu wake. Ngiri ameukataa."

Wote wakageuka. Fisi akayatazama madoa yake, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia. Akaitazama miguu yake ya nyuma. Unyayo mmoja ukakwaruza vumbi.

"Bi Nungu," alisema, "si... si mimi huyo?"

"Ndiye wewe, Bwana Fisi."

Kwa desturi ilimpasa acheke. Yeye aliyekuwa amecheka asubuhi nzima kabla ya wakati, sasa bonde zima lilimngoja, na kicheko hakikuja. Kilipokuja kilikuwa kimoja tu, chembamba, "hi," kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kusikika.

Adhuhuri hiyo mama yake Nungunungu alichuchumaa peke yake ukingoni, mbele ya wanyama wote, akanywa maji meupe mpaka akashiba. Fisi walimweka mwisho wa foleni, nyuma ya konokono, na konokono hakuwa na haraka.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.