Makaa Chini ya Chungu cha Kunde

Mwomba moto huona chungu. Wasichana wawili wa ushonaji walimsikia Bibi Mbuke, muuza maandazi wa siku nyingi, akiitamka methali hii walipojisifu kwamba wamempokea fundi mgeni na kumtembeza kwa wateja wao wote. Wakamuuliza imetoka wapi. Bibi akaweka kikombe chini na kuwaeleza ilivyoanza.

Asubuhi moja ya mvua, katika mtaa wa stesheni, mwanamke asiyejulikana alisimama mlangoni kwa Nyamizi, mkononi ana pasi ya mkaa iliyo baridi.

"Hodi, dada. Naitwa Kalunde. Nimehamia jana, naomba kaa la moto."

Nyamizi alicheka mpaka akakohoa. Yeye mwenyewe alikuwa dobi, na kuomba moto ndiyo ilikuwa njia yake ya kujuana na watu. Mkaa alikuwa nao, na kiberiti alikuwa nacho, lakini kila alfajiri alitoka na pasi baridi, leo kwa muuza kahawa, kesho kwa fundi viatu, keshokutwa jikoni kwenye nyumba ya wageni. Watu walimtania kuwa mvivu.

"Nyamizi, hata kiberiti kimekushinda?" Mbuke alimuuliza siku moja.

"Kiberiti hakina mdomo, mama. Ukiomba moto, utangoja ushike, na ukingoja mtaongea. Tena mwomba moto huona chungu. Chungu kikiwa kikubwa, najua pana wageni au pana harusi. Basi nguo za kupiga pasi zipo."

Kwa njia hiyo alikuwa amepata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, na mashuka hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha tangu mumewe afariki.

Alimwona Kalunde kama nafsi yake ya miaka iliyopita. Akamkalisha, akamfundisha nani wa kuombwa moto siku gani, na mlango gani usibishwe kabla ya chai. Kalunde alitazama rundo la mashuka pembeni.

"Ya nani haya, dada?"

Nyamizi akamwambia yote: msimamizi wa nyumba ya wageni anavyopenda pindo linyooshwe, na siku anayotaka mzigo. Akamwambia hata juu ya kifua chake kinachobana kwa moshi. Mgeni alipoinuka, Nyamizi alimjazia pasi makaa.

"Hapa kwangu hutarudi na pasi baridi. Siku yoyote."

"Unaahidi, dada?"

"Nimeahidi."

Miezi miwili haikwisha. Nyamizi alikwenda kuchukua mashuka, msimamizi akatoka nje kumzuia hapo hapo mlangoni, hakumwangalia usoni.

"Tumempa Kalunde. Anakuja mapema. Halafu tumesikia unakohoa juu ya mashuka ya wageni."

Nyamizi hakuuliza wamesikia kwa nani. Alirudi na kitenge chake cha kufungia mizigo kikiwa kitupu. Neno la kikohozi likatembea kwa njia ile ile aliyoizoea yeye, jiko hadi jiko. Muuza kahawa akaanza kumpa moto haraka haraka, bila kigoda cha kukalia. Fundi viatu akamwambia moto umezimika, na huku unaonekana. Nyamizi akaacha kuomba moto.

Kisha mvua ikabomoa daraja. Mkaa haukuingia mjini wiki nzima. Siku ya saba Nyamizi alikuwa amebakiwa na makaa machache ya mwisho, na juu yake chungu cha kunde, chakula chake cha siku hiyo. Mbuke alikuwa amekuja kumjulia hali. Kunde zilikuwa zimeanza kuchemka hodi ilipopigwa.

Alikuwa Kalunde, pasi mkononi, baridi.

"Shikamoo, mama Mbuke. Dada, nimezunguka mtaa mzima, sijapata. Wageni wa harusi wanafika saa sita na mashuka yote hayajanyooshwa."

"Kayakoholee," alisema Mbuke. "Nyamizi, mpe maji huyo. Au mwambie arudi kule alikokuzimia moto."

Nyamizi alilitazama jiko. Kaa moja lilipasuka chini ya chungu.

"Nilimwambia siku yoyote," alisema. "Sikumwambia siku njema."

Akainua chungu, akakiweka sakafuni. Akashika koleo, akayahamisha makaa yale moja moja ndani ya pasi, mpaka jiko likabaki na majivu.

Kalunde alikitazama chungu kile kisicho na kifuniko. Kunde zilikuwa konzi moja ndani ya maji mengi, na povu lilikuwa linatulia.

"Mwomba moto huona chungu," alisema Mbuke polepole. "Haya, umekiona?"

Kalunde alifunga pasi. Akatoka akiibembeza ili moto usife, akaelekea nyumba ya wageni. Kazi hakuirudisha, siku ile wala baadaye.

Nyamizi alizila kunde zile zikiwa ngumu, akizitafuna moja moja, kwa sababu hakutaka Mbuke amwone akizimwaga.

Bibi Mbuke akakichukua tena kikombe chake. Wasichana walitazamana, kila mmoja akiwaza majina ya wateja waliyomtajia yule fundi.

"Msinielewe vibaya," bibi aliwaambia. "Moto mpeni. Mkiahidi, toeni. Lakini jueni kabla hamjafungua mlango: mwomba moto huona chungu."