Matundu ya Ndiva ya Ivugha

Zamani mlima wetu wa Ivugha haukuwa na korongo. Mteremko wote, kutoka msituni hadi mtoni, ulikuwa mashamba ya magimbi, migomba na maharage. Juu ya mashamba hayo palikuwa na ndiva, yaani bwawa ambalo watu wa kale walilizungushia ukingo wa udongo na mawe ili maji ya chemchemi yakusanyike, kisha yafunguliwe kwa zamu. Ndiva ilikuwa ya wote. Hapakuwa na nyumba iliyokosa zamu yake.

Ukingo, hata hivyo, ulikuwa na sheria. Mtu wa kwanza kusema kwamba umeharibika alipaswa kutoa kondoo wa tambiko, na jembe halikuruhusiwa kuugusa kabla ya damu ya kondoo huyo kumwagwa. Aliyeugusa mapema, walisema, angepigwa na radi. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na sababu. Zamani zao kulikuwa na watu waliozua habari za nyufa ili maji yafunguliwe nje ya zamu, wakamwagilia mashamba yao. Kondoo alikomesha uongo. Alikomesha na ukweli pia, ila hilo lilichelewa kuonekana.

Mlinzi wa ndiva alikuwa Kangero, mtu wa ukoo wetu. Nalitaja jina lake kwa sababu nililipokea kwa baba yangu pamoja na habari hizi, naye alinikataza kulificha.

Mwaka mmoja masika yalianza mapema, na kaa wa mtoni wakapanda hadi kwenye ndiva wakatoboa ukingo. Tundu la kwanza lilikuwa jembamba kama kidole. Aliyeliona alitazama huku na huku, akaona yuko peke yake, akaenda zake. Kesho yake mwingine aliona, naye akanyamaza. Hazikupita wiki mbili, watu wakajifunza namna mpya ya kupita pale. Wanawake waliokwenda kuteka maji waligeuza nyuso kuelekea msituni. Wanaume waliinamisha vichwa kama wanaohesabu hatua zao.

“Shingo yangu imekakamaa siku hizi,” mmoja alisema.

“Afadhali yako shingo,” mwenzake akajibu. “Mimi macho yenyewe yamekufa.”

Walicheka, lakini kicheko kiliisha haraka. Ng'ombe walianza kukataa kunywa upande ule. Udongo chini ya ukingo ulikuwa laini hata siku ya jua, na aliyekanyaga hapo aliuona unarudisha maji polepole, kama kidonda kinachobonyezwa. Kila mtu aliogopa, na kila mtu aliogopa peke yake.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na ukingo, upande wa chini, ilikuwa ya Nakijwa. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kutafuta chumvi. Nakijwa alibaki na mama mkwe wake, Namangi, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Asubuhi moja Nakijwa aliinama kuchochea moto akakuta majivu yamelowa. Paa halikuvuja. Maji yalikuwa yametoka chini, katikati ya mafiga. Akayafuata kwa macho, kisha kwa miguu, mpaka ukingoni. Hapo aliona tundu lenye upana wa ngumi, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Alielewa. Maji meupe ni ndiva inavuja. Maji mekundu ni ukingo wenyewe unaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kangero.

“Shikamoo, baba. Ukingo umetoboka.”

Kangero hakuitikia salamu. “Umeona wewe, au umeambiwa?”

“Nimeona.”

Watu waliokuwa uani pake walishusha pumzi. Mmoja alithubutu kutabasamu. “Basi kondoo amepata mwenyewe,” alisema.

“Sina kondoo,” Nakijwa akasema. “Nina jembe. Niruhusuni nizibe.”

“Jembe bila kondoo ni kujiitia radi,” Kangero akasema. “Na radi haitachagua. Itatupiga sote.”

Nakijwa akaenda kwa Mbonea, aliyekuwa na kondoo kumi na mmoja zizini. Mbonea alimsikiliza kwa heshima. “Mwanangu,” akasema, “nikikupa kondoo watasema niliona mimi, nikakutuma wewe. Nitaulizwa nilinyamaza siku ngapi.”

“Basi nisaidie kumtoa mama. Tumbebe wawili tu, tumpandishe hapa kwako.”

Mbonea alitazama chini. “Kushuka kule leo ni kukiri kwamba najua.”

Nakijwa alipita nyumba tano. Jibu lilikuwa hilohilo, kwa maneno tofauti.

Kabla ya adhuhuri mvua ilianza, nzito, bila upepo. Nakijwa alirudi akijikwaa, akampa mama mkwe wake mgongo ili ambebe. Walitoka mlangoni, wakafika kwenye migomba ya kwanza, miguu ya Nakijwa ikazama hadi magotini. Akaanguka mara mbili.

“Nirudishe ndani,” Namangi akasema.

“Hapana, mama.”

“Nirudishe. Hivi tutakufa matopeni, wawili. Nenda kazibe. Kama radi ipo, tutaiona leo.”

Nakijwa alimrudisha, akamkalisha juu ya kitanda cha miti, akachukua jembe. Watu waliosimama ng'ambo ya ndiva, kwenye mgongo wa kilima, walimwona akiupanda ukingo. Walimwona akilinyanyua jembe. Wengine waliwafunika watoto macho, na wote walitazama mawingu, si yeye. Jembe lilishuka. Mawingu yalibaki mawingu. Alichimba udongo, akausokomeza tunduni pamoja na magome ya migomba, akapiga kelele: “Udongo! Leteni udongo!”

Wa kwanza kuvuka alikuwa Nakiete, mke wa Mbonea, mfinyanzi. Alibeba kichwani bonge la udongo wa vyungu alilokuwa amelitwanga siku ile. Alipofika alisimama, akashangaa.

“Hili silo,” akasema.

“Silo nini?”

“Silo tundu nililoliona mimi. Langu liko kule, penye mwanzi.”

Wakatazamana. Baba yangu alisema kwamba hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa mchezo. Nakiete aligeuka akawaita watu kwa majina, akimwuliza kila mmoja, “Wewe uliliona wapi?” Wakaanza kushuka mbio. Mmoja alionyesha penye jiwe jeupe. Mwingine, chini ya mlango wa maji. Mbonea mwenyewe alikimbilia penye mzizi wa mti wa mvumo akapiga magoti. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba tundu ni lile moja alilolificha yeye, na kwamba mwingine atalisema. Yalikuwa sita.

Waliziba kwa udongo, kwa nguo, kwa mikono. Matundu sita yalinyamaza, na kwa muda mfupi watu walisikia mvua peke yake. Nakijwa aliacha jembe akaanza kuteremka kumfuata mama mkwe wake.

Kangero alikuwa bado amesimama ng'ambo. Hakuwa ameitwa jina, maana nani angemwuliza mlinzi? Alikuwa ameona tundu la saba, upande wa mashariki, siku ishirini kabla, na hakuna mwingine aliyepita huko. Alifungua kinywa. Waliokuwa karibu naye walisema kwamba alikifungua mara mbili bila sauti kutoka. Mara ya tatu alisema, “Mashariki.”

Ukingo wa mashariki ulikuwa umekwisha kuondoka. Maji hayakupita kwa Nakijwa aliyekuwa njiani. Yalipita hatua chache mbele yake, yakaichukua nyumba nzima, na kitanda cha miti, na Namangi juu yake. Yalikata mlima kutoka pale hadi mtoni. Namangi hakupatikana.

Hilo ndilo korongo mnaloliona. Hakuna alimaye ndani yake.

Na tangu siku hiyo, kondoo wa tambiko aliondolewa Ivugha. Anayeona tundu huziba kwanza kwa alicho nacho, kisha huenda kusema mahali lilipo, na hakuna amwulizaye kwa nini ameona yeye. Hatuna mlinzi wa ndiva tena. Masika yanapoanza, watu wote husimama juu ya ukingo, wazee kwa wageni, na kila mmoja huulizwa kwa jina lake, “Wewe umeona nini?” Hakuna anayerukwa. Wa kwanza kuulizwa ni mtu wa ukoo wa Kangero. Mwaka huu nilikuwa mimi. Watu wote hunyamaza wakitutazama midomo, na hakuna anayesogea mpaka tujibu.