Simu Haina Macho

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana simu zilikuwepo, palikuwa na vitongoji viwili jirani. Kilimani mtandao ulishika. Bondeni haukushika kabisa.

Ugonjwa wa kuhara ukaingia. Sikudhani, muuguzi wa zahanati, alikuwa na katoni moja tu ya dawa na siku moja tu ya kuamua iende wapi. Akatuma swali kwenye simu: "Nyumbani kwako kuna anayehara? Usiandike jina." Simu haina macho, haimwaibishi mtu. Kufika adhuhuri Kilimani wamejibu: nyumba arobaini zina wagonjwa.

Kwa Bondeni, Sikudhani akamtegemea balozi wao wa kitongoji, Mzee Kombo, apite nyumba kwa nyumba, kisha apande Kilimani atume majibu. Mzee akapita. Akafika kwa Nasra, muuza vitumbua, ambaye Mzee mwenyewe hununua kwake kila asubuhi.

"Mwanangu, kuna anayehara humu?"

"Hakuna, baba. Sote wazima."

Nyuma ya pazia Hidaya, mtoto wake, amelala, macho yameingia ndani. Mzee alisikia harufu. Akaandika: hakuna. Na nyumba ya pili hakuna, na ya tatu hakuna.

Katoni ikaenda Kilimani, ikaisha. Kesho yake Nasra akapanda hadi zahanati na Hidaya mgongoni, Mzee Kombo nyuma yake, mtoto hana hata machozi ya kulilia. Pikipiki ikatumwa mjini kufuata dawa. Sikudhani akawa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, nayo yanarudi. Hofu ikawageuza, wakaanza kulaumiana.

Nasra akasema, "Ningesemaje, baba? Ukishajua, nani atakula vitumbua vyangu? Ningeulizwa na simu ningesema kweli. Mbona wenzetu waliulizwa na simu, sisi tukaletewa mtu?"

Mzee Kombo akasema, "Nimeandika nilichoambiwa. Nimwite binti wa watu mwongo mlangoni pake?"

Sikudhani akasema, "Ningezunguka kwa miguu siku tatu, Kilimani tungezika. Nilihesabu majibu yaliyofika." Lakini alijua vitongoji vyote viwili vinachota maji mto mmoja, na ugonjwa usingechagua.

Hidaya bado anapumua. Pikipiki bado haijasikika. Basi ninyi mnaonisikiliza, msijifiche nyuma ya pazia: dawa isipowahi, je, nani amemponza mtoto huyu?