Kamera Iliyofungwa Jicho

Hapo zamani, na msinidai mwaka, palikuwa na kiwanda cha kamera. Kilitoa kamera mbili, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Ya bei kubwa iliona hata chumbani penye giza. Ya bei ndogo, jua likijificha tu, haikuona kitu.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Kamera zile mbili zilikuwa moja! Ndani vyuma vilevile, kioo kilekile, jicho lilelile la kuonea gizani. Kutengeneza aina mbili ni gharama, kwa hiyo walitengeneza aina moja, kisha zile za bei ndogo wakazifunga jicho na kubandika lakiri, muhuri wa kiwanda, juu yake. Ukiibandua lakiri, dhamana imekufa.

Aliyebuni jicho ni fundi Kibacha. Aliyeamuru lifungwe ni Bi Mwanaisha, mpanga bei. Aliyelifunga ni Kibacha huyohuyo, kwa mkono wake.

Mrutu, mpiga picha wa mji mmoja wa milimani, akanunua ya bei ndogo. Jirani yake, fundi redio, akamnong'oneza, "Kaka, hiyo ina jicho. Nipe nibandue lakiri, dakika tano tu."

Mrutu akakataa. "Ikiharibika nitamlilia nani? Niachie dhamana yangu."

Basi katika mji ule Nakijwa akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, katika wodi ya zahanati. Mvua ilikuwa siku ya tatu, ukungu umeziba madirisha, umeme hakuna. Mkunga akamtazama mtoto, akamwambia mama ukweli: hataifikia jioni. Nakijwa akasema, "Niitieni Mrutu. Nataka sura yake tu."

Mrutu akaja mbio, matope hadi magotini. Akapiga. Akapiga tena. Akapiga mara ishirini. Picha zote nyeusi tii. Saa tisa mchana mtoto akafa.

Baada ya mazishi Mrutu, aibu imemkaba, akampelekea fundi redio kamera. Lakiri ikabanduliwa. Mvua ilikuwa bado ileile. Mrutu akarudi wodini, akapiga kitanda kitupu, kikaonekana mpaka mikunjo ya shuka. Dakika tano, jamani!

Akamwonyesha Nakijwa picha ile na mahali lakiri ilipokuwa, hakumficha. Nakijwa akashuka mlima na picha ile mpaka kiwandani, Mrutu nyuma yake, akaibwaga mezani mbele ya Bi Mwanaisha na Kibacha. "Nani aliyeninyima sura ya mwanangu?"

Bi Mwanaisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini wanunuzi wa bei kubwa ndio wanaobeba hasara ya bei ndogo. Tungewafungulia wote jicho, nani angenunua ya bei kubwa? Bei ingepanda kwa kila mtu, na huyu Mrutu asingekuwa na kamera yoyote. Mimi nilimpa alichoweza kukilipia."

Kibacha akasema, "Jicho lile nililihangaikia miaka sita. Nilipoambiwa nilifunge, nilikataa. Nikaambiwa tena, nikakataa. Mara ya tatu nikaonyeshwa watu waliopanga foleni getini wakitaka kazi yangu. Wao wangelifunga lisifunguke kamwe. Mimi nililifunga kwa namna ambayo hata fundi redio angeweza kulifungua."

Mrutu akasema, macho chini, "Mama Nakijwa, mimi nilijua. Niliambiwa, nikakataa. Lakini kamera hiyo ndiyo inayonilisha na watoto wangu. Mtu wa hali yangu hachezei dhamana. Hawa ndio walionitia woga ule, wakaubandika juu ya kamera."

Bi Mwanaisha akafungua kabati, akatoa kamera ya bei kubwa, mpya, bado iko kwenye nailoni yake. Akamkabidhi Nakijwa kwa mikono miwili. "Ichukue, mama, ni yako. Hii inaona gizani."

Nakijwa akaitazama kamera, akamtazama Bi Mwanaisha. "Nimpige nani?"

Na mimi msinitazame hivyo, jibu sina, nina hasira tu. Yupo aliyeamuru, yupo aliyefunga, yupo aliyejua asifungue, na kila mmoja ana neno lake la kujitetea. Haya, semeni nyinyi mliosikiliza: je, ni nani kati yao aliyemnyima Nakijwa sura ya mwanawe?