Jina la Uzi Usio na Kazi

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, kwa kuwa jokofu la sampuli lingali linanguruma, palikuwa na mtafiti aitwaye Aikande katika maabara moja huko mlimani. Alichunguza saratani ya umio, ile inayoziba njia ya chakula.

Ndani ya seli za wagonjwa aliona nyuzi ndefu za RNA, nakala za vinasaba. Nyingine zilibeba maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine hazikutengeneza kitu. Akamwuliza mkuu wake, "Hizi ni za nini?" Akajibiwa, "Takataka. Zifute." Mwaka uliofuata akauliza tena. Akajibiwa, "Takataka." Mwaka wa tatu hakuuliza, alizipima mwenyewe. Akakuta uzi mmoja umejaa tele katika kila uvimbe.

Je, katika nyama nzima, isiyo na ugonjwa, umo pia? Hilo lilimnyima raha. Akamwendea Elirehema, mtunza sampuli.

Elirehema akakohoa kidogo. "Dada, miaka sita iliyopita niliamriwa nitupe vipande vya nyama nzima vya wagonjwa, nafasi haitoshi jokofuni. Daftarini niliandika nimetupa. Sikutupa." Kila umeme ulipokatika, alivifukia kwenye barafu kavu mpaka vidole vikababuka. Vilibaki kumi na kimoja.

Aikande akavipima. Uzi ule haukuwamo hata katika kimoja. Akaunyamazisha, yaani akauzuia kufanya kazi, ndani ya seli za saratani, na seli zilizokuwa zikizaana ovyo zikapoa. Alikaa akizitazama, chai yake ikapoa pia.

Ugunduzi ukakubaliwa. Barua ikaja kutoka kwa wasajili wa majina: uzi upewe jina la mtu, na mtu huyo awe mmoja tu.

Aikande akawaita Elirehema na Manka, binti wa marehemu Mzee Kisamo, mgonjwa aliyetoa kipande cha kwanza kati ya vile kumi na kimoja.

Manka akasema, "Baba alikuwa hamezi hata uji. Madaktari wakakata penye ugonjwa, kisha wakamwomba kipande cha penye uzima kwa ajili ya utafiti, wakamwambia si lazima, na kutauma. Akafungua kinywa. Wodi nzima ilikuwa imekataa. Walipomwona yeye, wenzake kumi wakakubali. Alikufa mwezi uleule, hakupata faida yoyote."

Elirehema akasema, "Mzee alitoa, ni kweli. Lakini alichotoa kilikuwa kimeshahukumiwa kwenda kuchomwa moto. Ningetii, mngekuwa na nini leo? Ningekamatwa na uongo wangu, ningefukuzwa kazi."

Wakamgeukia Aikande. Akasema lililokuwa moyoni. "Vipande vilikuwapo miaka sita. Kaka Elirehema, ulivitunza bila kujua vina nini. Mzee naye hakujua. Mimi ndiye niliyekataa neno takataka."

Kila mmoja alisema kweli. Fomu ilikuwa mezani, na nafasi ya jina ilikuwa mstari mmoja.

Ninyi mliosikia, mngekuwa mmeshika kalamu ile: aliyetoa, aliyetunza, au aliyeuliza, nani alistahili jina lake liandikwe?