Senti za Uani kwa Mkomwa

Mkomwa alipousogeza uzio wake ndani ya kiwanja cha Sikitu, vibarua walimwaga kifusi, na bikoni, kile chuma cha mpaka, ikapotea chini yake. Mwenyekiti wa mtaa akasema bila bikoni hakuna kesi. Sikitu akanyamaza, na Mkomwa akamsifu kwa ustaarabu wake.

Asubuhi moja Sikitu akabisha hodi, mkononi ana mashine ya kutafutia vyuma, begani jembe.

"Jirani, niruhusu nitafute senti za zamani uani kwako."

"Uani kwangu? Basi kitakachotoka ni changu, hata kiwe kipini!"

Kwa kuogopa kuibiwa, Mkomwa akamwita mwenyekiti aje kushuhudia.

Mashine ikalia kidogo, zikatoka senti mbili za kikoloni. Mkomwa akampokonya Sikitu jembe.

"Kaa pembeni, mama. Nachimba mwenyewe."

Karibu na uzio mashine ikalia kwa nguvu. Mkomwa akachimba mpaka shati likaloa, akang'oa chuma kirefu.

"Mwenyekiti, shuhudia! Ni changu hiki!"

"Nimeshuhudia," alisema mwenyekiti. "Ni bikoni."

"Chuma chukua, jirani, tulikubaliana," alisema Sikitu. "Mimi naomba shimo tu."