Chombo Kitakachozima Kwanza

Sikudhani alipoleta pikipiki ya umeme kijiweni Korogwe, Shemdoe mwenye sheli ya petroli alihofia wateja wake wote wangemwiga.

"Tushindane," akasema. "Chombo kitakachozima kwanza, mwenyewe ahame kijiwe."

Sikudhani akamsihi. "Tupande mlima, baba, au twende hata Tanga. Ila usiseme tuwashe tusimame hapa hapa juani! Betri itaniaibisha."

Shemdoe akacheka. "Basi ni hapa hapa!"

Wakawasha. Pikipiki ya petroli ya Shemdoe ikanguruma na kutoa moshi mpaka injini ikachemka, ikazima. Ya Sikudhani ilikuwa ingali inawaka.

"Mbona betri haikuisha?" akafoka Shemdoe.

"Ya umeme ikisimama haili kitu, baba. Ungenipandisha mlimani, saa hizi ningekuwa naisukuma."